Teksi Iliyochoka Kilimani

Asubuhi Solofo alikunywa uji wa mchele, akavaa kofia yake ya majani, akaenda kununua petroli. Alinunua kama wanunuavyo madereva wengi wa teksi wa Antananarivo: chupa moja tu, ya kumfikisha kwa abiria wa kwanza. Akipata nauli, ananunua chupa nyingine. Kwenye mteremko anazima injini, gari linateleza bure. Teksi ile na mtindo ule, vyote alivirithi kwa marehemu baba yake.

Siku hiyo alibeba walimu watatu kwenda mji wa juu. Katikati ya kilima gari likalegea. Solofo akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likakohoa, likasimama.

"Tushuke tusukume?" mwalimu mmoja akauliza. "Au nauli yetu ni ya kukaa tu?"

Solofo aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akasubiri kidogo, akawasha. Gari likawaka vizuri, likapanda. Kabla ya kufika juu, likalegea tena.

Moyo wake haukutulia. Jumamosi ile ukoo wake ungefungua kaburi kijijini, kuwatoa marehemu na kuwavika sanda mpya, kama ilivyo mila yao. Baba yake alikuwa mmoja wao. Solofo ndiye kifungua mimba, na sanda za hariri zilikuwa kabatini kwake. Mnajimu alikwisha kutaja wakati: kaburi lifungwe kabla jua halijaanza kushuka. Asipofika, baba yake angerudishwa ndani na sanda iliyochakaa, na kaburi lisingefunguliwa tena kwa miaka mingi. Na njia ya kijijini ilikuwa vilima vitupu.

"Plagi hizo," wenzake wa kijiweni walisema. Akabadilisha plagi. Kilima kikamshinda vilevile. "Basi kabureta," wakasema. Akakaza hapa, akalegeza pale, gari likazidi kutoa moshi. Solofo hakula vizuri, hakulala vizuri. Kila mara alikwenda dirishani kulitazama gari, kama vile kulitazama kungeliponya.

"Umebeba nguruwe," mama yake akasema. "Kwetu nguruwe ni mwiko, na gari la baba yako linajua."

"Mama, gari halina pua."

"Umebeba, hujabeba?"

Solofo alichukua kofia akatoka nje.

Mkewe, Voahirana, akamfuata. "Baba Naly, nenda kwa dada yangu Tiana. Yeye ni fundi wa mabasi, na wewe unahangaika na watu wa kijiweni!"

"Niende kwa shemeji? Atanicheka mpaka Pasaka."

"Uchekwe ufike, au usichekwe ubaki. Chagua."

Ijumaa akaenda.

"Karibu, shemeji!" Tiana alisema huku akifuta mikono. "Leo umelileta gari, au mmesukumana?"

"Tiana, sina hamu ya utani. Kesho alfajiri nasafiri."

"Haya. Usinitajie dawa, nitajie ugonjwa. Linalegea wapi?"

"Kilimani."

"Na tambarare?"

"Linakwenda vizuri."

"Likipumzika?"

"Linapata nguvu. Halafu linachoka tena."

Tiana akatikisa kichwa. "Plagi mbovu zingekusumbua hata tambarare. Gari hili nadhani lina njaa. Kilimani injini inataka petroli nyingi, nayo inakuja kidogo. Ukisimama, inajaa tena, unapata nguvu ya muda mfupi. Lakini tusikisie, tupime. Na sigara hiyo mkononi mwako, izime!"

Aliacha injini ipoe. Akatazama kichujio cha hewa: safi. Akachomoa waya wa cheche ili injini isiwake. Kisha akachomoa mpira unaotoa petroli kwenye pampu, akauingiza kwenye chupa.

"Piga stata."

Petroli ikatoka matone matone. Tiana akafungua kichujio cha mafuta, kidude kidogo kilicho kati ya tangi na pampu. Kilikuwa cheusi kwa kutu na uchafu. Akafunga kipya.

"Piga tena."

Petroli ikaruka kwa nguvu.

"Pampu ni nzima," Tiana akasema. "Kichujio ndicho kilichoziba."

"Kutu imetoka wapi?"

"Kwenye mtindo wako wa chupa moja moja. Tangi likikaa tupu, unyevu unaingia, linapata kutu. Uchafu wote unakaa chini, na huko chini ndiko gari lako linakonyonya kila siku."

"Baba alisema gari jepesi halili mafuta."

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na tangi jipya."

Neno lile lilimuuma Solofo, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Wakamwaga petroli ya zamani kwenye dumu, wakasafisha tangi, wakatia petroli safi mpaka nusu. "Lisishuke chini ya robo," Tiana akaonya. "Kichujio badilisha kabla hakijaziba. Na mteremkoni usizime injini. Breki zikichoka, gia ndiyo itakayokushika."

"Nitajuaje limepona?"

"Usiniamini mimi. Kiamini kilima."

Akawaita mafundi wawili wanene wakae nyuma, yeye akakaa mbele. Wakakipanda kilima kilekile. Walipofika mahali pa jiwe, Solofo alibana pumzi. Gari likapita, likafika juu.

Hata hivyo, safari ya Jumamosi hakuifurahia. Masikio yake yalikuwa kwenye injini njia nzima. Mama yake alikaa na sanda mapajani.

"Mbona umekaza meno?" akauliza.

"Kilima cha mwisho, Mama."

Kikapita. Wakasikia tarumbeta za sherehe kijijini.

Marehemu walilazwa juu ya mikeka. Solofo akamvika baba yake hariri, akafunga fundo la mwisho. Kwao marehemu huambiwa habari za nyumbani. Akainama, machozi yakimtoka.

"Baba, gari lako bado linatembea. Lakini ile ya chupa moja moja nimeiacha. Usikasirike."

Mama yake akamsukuma kwa kiwiko. "Na ile ya nguruwe mwambie."

"Na nguruwe nilibeba, Baba," Solofo akasema. "Lakini alikuwa mmoja tu."

Ukoo mzima ukacheka. Wakambeba baba yake mabegani, wakacheza naye kulizunguka kaburi, na jua lilikuwa bado halijaanza kushuka.