Farasi Mwenye Magamba

"Kitendawili," ilisema redio ya Motorola.

"Tega," alijibu Khole, mguu kaukandamiza kwenye pedali ya mafuta ya Land Cruiser.

"Ana magamba, si samaki. Ana kwato, na safari yake ni ya baharini."

Khole alishafumbua. Bakhit, mkuu wake wa polisi, alimaanisha vazi la vita la farasi, la magamba ya shaba, lililoibwa makumbusho. Wapiganaji wateule wa wafalme wa Kiyunani, wale waliorithi nchi za Iskandar, waliwavisha farasi wao mavazi kama hilo. Mwizi ni Ghaith. Meli ya watalii inaondoka leo.

Lori la farasi alilikuta Bandari ya Sultan Qaboos. Akachungulia ndani.

Kosa.

Mtutu ukamgusa kisogo. Glock yake ikaenda, redio ikaenda. Ghaith, kavaa joho na kofia ya shaba kama mtu wa maonyesho, akamsukuma ndani.

"Utatoka tukifika bahari kuu, bibi weye. Huko nafasi tele."

Komeo likalia.

Giza. Bati linachoma kama kikaango. Mtu na farasi wanagombea hewa moja. Khole akapiga ukuta, akaita. Ngoma za kuwaaga watalii zikammeza sauti.

Haya, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Akatulia, akampapasa farasi. Magamba shingoni, kifuani, ubavuni, yamepakwa rangi ya fedha yaonekane ya kuchezea. Kumbe yatapita forodha mchana kweupe, tena kwa makofi.

Tumboni hakuna gamba. Ukanda mtupu. Nao umelegea.

Babu yake alifuga farasi Barka. Farasi akifungwa tandiko huvimbisha tumbo kwa ujanja wake. Akishapumua, ukanda hulegea, na mpandaji hurudi kuukaza. Ghaith mwizi hodari. Mpandaji, hata.

Akalegeza bizimu mpaka tundu la mwisho.

Mlango ukafunguka. Ghaith, bastola chini ya joho, akamtoa farasi, akafunga tena.

Khole akabaki na masikio tu. Tarumbeta. Makofi. Kwato kwenye ubao wa kupandia melini.

Kisha kishindo, kama kabati la vyombo limeanguka.

Ngoma zikakatika. Khole akapiga bati teke, na mara hii akasikika.

Rawya wa forodha ndiye aliyemfungulia. Ghaith alikuwa chini, tandiko limempindukia, mikono ndani ya pingu. Rangi imechubuka, shaba kongwe inang'aa juani. Glock imelala kando.

"Nini kimenipindua?" aliuliza Ghaith.

Khole akaiokota bastola yake, akapangusa vumbi.

"Nipe mji kwanza."

Meli ikapiga honi, ikang'oa nanga. Ghaith akaisindikiza kwa macho. Mji wa kutoa hakuwa nao.

Khole akavaa miwani, akaenda zake.