Mduara Usiofungwa

Njuga zilikuwa zimening'inia msumarini, zimetulia, lakini mlio wake ulisikika jikoni.

Goreth aliacha kukunja nguo, akasikiliza. Cha, cha, kimya. Cha, cha, kimya. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi alasiri, jua bado linawaka uani kwao Penrith, pembeni mwa Sydney. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya ubani tu, na yeye hakuwa amechoma kitu.

Njuga hizo, za makokwa makavu yaliyoshonwa kwenye ngozi, zilikuwa za binti yake Armelle, wa miaka minane. Alipewa na Mwalimu Refugio, mama wa Kimeksiko ambaye mwaka ule wa 2014 alifundisha ngoma za Waazteki kila Jumamosi katika ukumbi mmoja Parramatta. Kikundi chake kilikuwa cha watu waliotoka mbali, wanaocheza ngoma za mababu zao huku Sydney ili watoto wasizisahau. Goreth, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, aliwaelewa bila kuelezwa. Armelle aliletwa na rafiki yake wa shule. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini pale, na Mwalimu mwenyewe alimpima miguu kwa uzi, akamshonea njuga kwa mkono wake.

Sharti lilikuwa moja. Ngoma ilifunguliwa kwa moshi wa chetezo kuelekea pande nne za dunia, kuwaita wa kale waje, na ilifungwa vivyo hivyo, kuwaaga. Aliyetaka kutoka mapema alifukizwa kwanza kwa moshi huo. Goreth aliambiwa hayo. Lakini Jumamosi iliyopita zamu yake ya kutunza wazee ilikuwa karibu kuanza na treni isingemngoja. Aliingia katikati ya mduara wa wachezaji, bintiye mchanga Miriam amelala mgongoni, akamshika Armelle mkono, akamtoa. Mwalimu aliita nyuma yao. Goreth alipunga mkono kuomba radhi, akakimbia.

Jumanne, saa kumi, miguu ya Armelle ilianza kucheza, na haikutulia mpaka giza lilipoingia. Nkatha, jirani yao Mkenya aliyekuwa akisomea unesi, alicheka.

"Goreth, huyu mtoto atatuchimbia kisima humu ndani."

Jumatano nyayo zilichubuka, na Nkatha hakucheka tena. Alileta bandeji, akazifunga kwa upole huku miguu ikimponyoka mikononi. Alhamisi mume wa Goreth, Vénérand, aliliacha lori lake bandarini Port Botany mapema, akaja na watu wa kanisani. Waliomba kwa machozi. Sauti zao zilipopanda, mlio wa njuga nao ulipanda. Armelle alikuwa hali chakula tena.

Ijumaa Goreth alimpakata, akaikumbatia miguu ile kwa nguvu zake zote, akihisi ikimgonga mapajani kwa mapigo ambayo hayakuwa ya mtoto, mazito, ya mtu mzima aliyetembea sana, na huku ubani ukijaa chumbani mpaka mwanga wa dirisha ukafifia, na njuga zikilia nyuma yake, karibu kabisa na Miriam aliyelala mgongoni, kama mtu anayezunguka polepole akitafuta mahali pake, alimnong'oneza binti yake amwambie ni nani.

Armelle siku zote alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili.

"Anataka tumalize, mama. Na mimi mwisho wake siujui."

Jumamosi Goreth hakwenda kazini. Nkatha alifunga vitabu vyake vya mtihani, akabaki na Miriam, na Vénérand akawapeleka mkewe na Armelle Parramatta. Mwalimu Refugio hakugomba. Alipiga magoti, akafungua bandeji, akaziosha zile nyayo kwa maji ya vuguvugu.

"Huyu aliyemshika si mbaya," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Aliitwa, akaja, hakuagwa. Wewe mgeni ungeachwa hivyo, ungefanyaje?" Kisha akauliza nani mwingine alikanyaga mduara siku ile.

"Mimi tu," alisema Goreth.

Waliwekwa katikati, mama na binti. Wachezaji waliwazunguka, wengine bado na sare zao za kazi, na moshi ukapelekwa upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika wa nne, miguu ya Armelle ilitulia, akalala palepale mikononi mwa mama yake. Goreth alilia begani kwa Mwalimu, naye akamfungia chakula cha njiani.

Walifika nyumbani jua likizama. Vénérand alimbeba Armelle hadi kitandani. Nkatha alikuwa ameosha vyombo na kukunja zile nguo zote. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Miriam hakumsumbua hata kidogo.

"Na ni vizuri ulimwachia kale kanjuga. Anakachezesha tangu saa kumi, hachoki."

Goreth alisema hakumwachia kitu.

Wote wawili wakageukia mlango wa chumba cha Miriam. Cha, cha, kimya. Mimi tu, alikuwa amesema. Mtoto wa mgongoni hakumhesabu.

Alisukuma mlango. Miriam, ambaye hajaanza hata kutambaa, alikuwa amesimama wima katikati ya kitanda chake, hajashika kitu. Aligeukia upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo akakoma, akamtazama mama yake, akingoja wa nne.