Vitu vya Bibi Ukutani kwa Mjomba

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani kwa Maftaha na mfuko wa puto na karatasi za kung'aa. Anti Evalina, mke wa mjomba wangu Maganga, alinipigia simu mchana. Aliomba nikitoka kazini nimpitishie mapambo, Krismasi imekaribia na sebule bado haijapendeza.

Sikuwa nimekanyaga nyumba yao tangu wahamie hapa Bariadi. Sikutaka. Lakini anti hakuwa amenikosea. Yeye aliolewa baadaye, mambo yakiwa yameshatokea.

"Mwadila, Justina. Ingia, mwanangu."

Anti alinisalimu kwa Kisukuma, chini chini, kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Nikaingia. Nikaona ukuta.

Picha ya bibi yangu Salu ilikuwa imekuzwa na kutiwa fremu ya rangi ya dhahabu. Chini yake kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza kibuyu chake cha maziwa, bangili zake za shaba, kitenge chake kimekunjwa vizuri. Kigoda chake kilikuwa sakafuni, karibu na mti wa plastiki, kimezungushiwa taa ndogo za kuwaka na kuzima. Juu ya vyote, herufi zilizokatwa kwa mkasi: MAMA YETU MPENDWA.

Mfuko ukanidondoka.

Huyo mama mpendwa alifukuzwa kijijini kwake Kasoli kama mbwa. Mtoto wa mjomba alikufa kwa homa, na kabla msiba haujaanuliwa mjomba akasimama mbele ya watu akamnyooshea mama yake kidole. Akasema mchawi ni huyu, tazameni macho yake. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi. Alipika kwa moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote, na huyo huyo mjomba alikula chakula hicho akakua. Watu wakaja na fimbo. Bibi akatembea kwa miguu na mvua mpaka kwetu Dutwa, akalala kitandani kwa mama yangu, hakuinuka tena. Shamba lake la pamba, mjomba akalilima msimu uliofuata.

Sasa amempamba.

"Mjomba yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko ndani. Justina, tafadhali, usipandishe sauti. Saa hizi ndiyo huwa..."



Krrr... krrr... krrr...

Jiwe la kusagia. Jiwe juu ya jiwe, taratibu, kama bibi alivyokuwa akisaga mtama bila haraka. Sauti ilitoka ukutani, nyuma ya picha. Upande ule hakuna chumba. Kuna uwanja tu.

Kisha ikaja harufu. Ugoro wa bibi, na nguo iliyolowa mvua. Nje kulikuwa kukavu.

Ningepaswa kukimbia. Sijui niseme nini, hasira ilinijaa mpaka woga ukakosa pa kukaa.

Nikatazama kigoda. Zile taa zilikuwa zinalegea. Hakuna mkono, hakuna upepo. Waya ulijivua kwenye mguu mmoja, ukaenda wa pili, ukaenda wa tatu, ukadondoka sakafuni ukiendelea kuwaka na kuzima. Halafu ile herufi ya kwanza ikabanduka. Ikafuata nyingine... na nyingine.

"Kila jioni," anti akanong'ona. "Tunapamba, anavua. Tunapamba, anavua."

Mjomba akatoka chumbani. Nilimjua mtu mnene, mwenye kucheka kwa nguvu. Aliyesimama pale shati lilimning'inia. Hakunisalimia.

"Mganga aliniambia nimrudishe nyumbani," akasema. "Nimpe mahali pa heshima, wageni wamuone. Nimekwenda mpaka kwa mama yako, nimemwomba vitu vya marehemu, amenipa. Nimefanya yote."

"Kwa hiyo hukumkumbuka. Umemwogopa."

"Wewe alikupenda. Ongea naye, mwanangu. Mwambie basi."

Krrr... krrr...

"Nimwambie basi nini, mjomba? Asamehe? Umemuomba?"

Akakitazama kigoda.

"Sema hapa. Sema mama hakuwa mchawi."

Mdomo wake ukafunguka. Nilimwona akihangaika, mishipa ya shingo imesimama. Ikatoka sauti kavu ya kukwaruza, ileile ya ukutani, sasa inatoka kooni mwake. Krrr. Anti akaziba masikio. Mjomba akashika koo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

Sikumhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

"Bibi hataki uyasemee humu ndani," nikamwambia. "Ulisemea Kasoli mbele za watu. Kafutie Kasoli mbele za watu."

Nikabeba kigoda, kibuyu, bangili, kitenge. Picha nikaitoa kwenye ile fremu yake. Kufika mlangoni, jiwe likanyamaza.

Jumapili mjomba alikwenda Kasoli. Mimi na mama tulikuwepo. Watu walipotoka ibadani alisimama uwanjani akavua kofia, na safari hii sauti ikatoka.

"Mama yangu Salu hakuwa mchawi. Mtoto wangu aliugua, sikumpeleka hospitali mapema. Nikatafuta wa kumtupia. Nilisema uongo."

Wazee walitazama chini. Wengine wakaanza kuondoka, kila mmoja njia yake, haraka kidogo kuliko kawaida. Mama yangu alilia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kukilia hata siku ya kuzika.

Jioni ile anti alinipigia. Nyumba imetulia, akasema. Mjomba amekula, amelala.

Nikadhani yamekwisha. Vitu vya bibi nilivipanga kabatini kwangu, bila taa, bila karatasi. Vimekaa kimya mpaka leo.

Lakini siku moja kabla ya Krismasi, giza likianza kuingia, nikasikia hodi. Alikuwa Kristofa, jirani wa bibi kule Kasoli, ametoka huko kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakutaka kukaa.

"Justina, nisaidie. Kwangu kuna mtu anaomba maji."

"Mpe."

"Nampa. Naweka kikombe mlangoni. Nikigeuka kimekauka, na anaomba tena. Watoto wanasikia. Kisima chetu nacho kinakauka." Akapangusa vumbi usoni. "Siku ile, bibi yako alipita kwangu. Alikuwa anatoka damu mdomoni. Aliniomba maji."

"Ukampa?"

Akatazama baiskeli yake.

"Nilikuwa na fimbo mkononi," akasema. "Sote tulikuwa nazo. Na Josia, aliyekuwa nasi siku ile, tangu jana hatoki ndani. Anasema kuna mtu amemkalia kifuani."

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Ile hasira niliyodhani nimeiacha kwa mjomba ilikuwa palepale, haijapungua.

"Kristofa," nikamuuliza, "mlikuwa wangapi?"