Gari la Kukodi Lililokuwa Chini

Rafiki yangu mmoja, mshonaji, alisafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyelazwa hospitali. Aliposhuka uwanja wa ndege, simu yake ikagoma kushika intaneti, basi akamuuliza mwanamume aliyevaa sare mahali pa kuchukulia magari ya kukodi.

“Nifuate.”

Wakashuka hadi maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Kadiri walivyokwenda, taa zilipungua, na roho yake ikaanza kusita. Viatu vyake vililia sakafuni, lakini vya yule mtu havikusikika kabisa. Akasimama.

“Kaka, gari lenyewe liko wapi?”

Mbele gizani injini ikawaka, mlango ukafunguka, na sauti ya dada yake, yule yule aliyelazwa hospitali, ikamwita taratibu kutoka ndani:

“Ingia, mdogo wangu. Tumekusubiri sana.”