Chakula cha Mama Kija

Nyanzala alizoea kuamka mapema. Kabla jua halijatoka, alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kubandika uji wa dona. Uji wake haukuwa na sukari. Akimaliza kunywa, alimeza kidonge chake, akachukua jembe.

Nyanzala alikuwa na kisukari. Aliambiwa hivyo zahanati, kidonda cha mguu wake kilipokataa kupona. Tangu hapo alifuata masharti. Aliangalia anachokula, na hakukosa siku ya kliniki. Kidonda kilifunga, akarudi shambani kama kawaida.

Mumewe aliitwa Malale. Wazazi wake walihama kutoka Usukumani na ng'ombe wao, wakafika Katavi. Malale na Nyanzala walijenga katika kijiji kimoja nje kidogo ya Sitalike. Mtoto wao wa kwanza, Kija, alikuwa ameolewa Inyonga. Kwa hiyo watu walimwita Nyanzala Mama Kija. Vijana wao wawili walikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Ugalla. Msimu wa mvua ng'ombe huhamishwa ili wasiingie mashamba ya watu. Nyumbani walibaki baba na mama, pamoja na maksai wawili wa kulimia.

Ilikuwa miezi ya mvua. Mpunga ulikuwa bado mchanga na ghala lilikuwa karibu tupu. Kila siku ya gulio Nyanzala aliuza karanga, akanunua unga na dagaa. Maisha yalikwenda.

Ndipo ukaja ugonjwa wa homa ya kifua.

Watu waliusikia kwanza redioni. Halafu ukaingia mjini Mpanda. Halafu ukashuka na abiria vijijini. Wengi walikohoa siku chache wakapona. Lakini wazee, na watu wenye maradhi ya muda mrefu, walizidiwa. Wengine walizikwa.

Asubuhi moja gari lilisimama mbele ya nyumba ya Malale. Fausta akashuka. Fausta alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mama mwenye mtoto alimjua, maana ndiye aliyewapima watoto uzito. Siku hiyo alivaa barakoa. Hakuingia ndani. Alisimama uwanjani.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu," alisema Nyanzala. "Mbona unasimama huko kama mtu mwenye deni?"

"Leo nakusalimia kwa mbali, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tumekuletea chakula. Serikali inagawa kwa nyumba zenye wagonjwa wa kisukari, presha, pumu, seli mundu na figo. Usiende gulioni kwa sasa. Kaa nyumbani mpaka ugonjwa upungue. Na dawa zako hizi hapa, nimekuchukulia zahanati."

Dereva aliteremsha mfuko wa unga wa dona, maharage, dagaa, mafuta ya alizeti na sabuni. Akaviweka kwenye baraza. Fausta alitaka kueleza zaidi, lakini dereva alipiga honi. Nyumba nyingine zilikuwa zinasubiri, na wingu la mvua lilikuwa limetanda.

"Nitarudi, mama!" alisema Fausta, akapanda gari.

Malale aliporudi kutoka shambani, aliuona mfuko. Akasimama.

"Hiki nini?"

"Chakula cha serikali. Wameleta kwa sababu ya sukari yangu."

"Nani kawaambia hapa kuna njaa?"

"Hawakusema njaa, baba Kija. Wamesema nisiende gulioni."

Malale hakukaa. Alizunguka ule mfuko kama mtu aliyemkuta nyoka barazani.

"Mimi nina ng'ombe," alisema. "Leo nikila unga wa kugawiwa, kesho watasema Malale amefilisika. Au watasema nyumba hii ina ule ugonjwa. Hakuna atakayekanyaga hapa."

"Sasa tufanye nini?"

"Kwa jirani yetu, marehemu Yotham, kuna msiba. Watu wamejaa, na mjane hana kitu. Chakula kiende huko. Sisi hatukufundishwa kula peke yetu."

Nyanzala alimwonea huruma mjane wa Yotham. Hata yeye asingemnyima. Lakini alitazama ghala lao lililokuwa karibu tupu.

"Na sisi tutakula nini?"

"Gulio ni keshokutwa. Utanunua, kama siku zote."

Malale alifunga mfuko na vingine vyote kwenye baiskeli. Alikwenda msibani, akavikabidhi. Watu walimshukuru sana. Alirudi nyumbani akiwa na amani moyoni.

Siku ya gulio ilikuwa na joto. Watu walibanana. Nyanzala alijifunga kanga mdomoni, lakini jasho lilimsumbua, akaiteremsha shingoni. Kwenye meza ya dagaa muuzaji alikuwa anakohoa. "Vumbi tu, mama," alisema, akampimia dagaa wake.

Siku chache baadaye Nyanzala aliamka mwili ukiuma. Alidhani ni malaria. Jioni homa ilipanda. Kesho yake alikunywa maji mtungi mzima na kiu haikuisha. Alikwenda chooni mara kwa mara. Kisha pumzi ikaanza kumpungukia. Akisema maneno mawili, alipumzika.

"Baba Kija... kifua..."

Malale aliogopa. Alimpigia simu Fausta.

"Mwanangu, mama yako hapumui vizuri!"

"Mkalishe, asilale chali," alisema Fausta. "Fungua madirisha. Wewe funika pua na mdomo. Naita gari la wagonjwa sasa hivi."

Gari lilifika, likampeleka Nyanzala hospitali mjini Mpanda. Fausta na Malale walifuata kwa bodaboda mbili. Nyanzala aliingizwa wodini, akawekewa hewa ya oksijeni. Malale alizuiwa mlangoni. Walimpima naye, wakaukuta ugonjwa kwake pia ingawa haukumzidi, wakamwambia avae barakoa na asikaribiane na watu. Akaenda kukaa kwenye ukuta wa nje, peke yake. Fausta alikaa hatua chache kutoka kwake.

Wanawake walipita na ndoo za chakula cha wagonjwa. Malale aliinamisha kichwa.

"Daktari amesema nini?" aliuliza.

"Homa ya kifua. Na sukari imepanda sana. Mtu mwenye kisukari akipata homa kali, sukari yake huvurugika. Vyote viwili vinampiga kwa pamoja."

"Kwa nini mimi sikuugua hivyo? Tunakula chungu kimoja."

"Mwili wako una nguvu ya kupigana. Mwili wa mama tayari una vita nyingine. Ndiyo maana tulisema asiende kwenye watu wengi." Fausta alimgeukia. "Baba, nakuomba uniambie. Chakula kile kiliishia wapi?"

Malale hakuficha. "Nilikipeleka msibani."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu, mwanangu. Na niliona si vizuri kula wakati wenzetu wanalia."

Fausta hakumgombeza. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Baba, wewe ni mfugaji. Ikiingia homa ya mapafu ya ng'ombe, unafanyaje?"

Malale aliinua kichwa. Hilo alilijua. "Sichanganyi ng'ombe wangu na wa watu. Sipeleki lamboni wanakonywa maji ng'ombe wa wengine."

"Hata ng'ombe mwenye mimba? Hata aliyekonda?"

"Hao ndio kabisa! Hao hawatoki zizini. Nawakatia majani, nawachotea maji, nawapelekea humo humo."

"Unawapelekea kwa sababu wewe ni maskini?"

"Aa, hapana. Nawapelekea ili wasiende ku..."

Hakumaliza. Alitazama mlango wa wodi. Machozi yalimjaa.

"Ili wasiende kukutana na ugonjwa," alisema polepole.

"Ndiyo hivyo, baba. Chakula kile hakikuwa cha maskini wala cha tajiri. Mwenye ng'ombe mia akiwa na kisukari, anapelekewa. Kimepimwa kimtoshe ili mama asitoke."

"Basi ni mimi niliyemtoa zizini."

"Hukujua. Na mimi niliondoka bila kueleza vizuri. Sote tumejifunza."

Kija alifika kutoka Inyonga, akataka kumwona mama yake. Malale alimzuia. "Msalimie kwa simu," alimwambia. "Tukijazana humo tunamuumiza." Ilikuwa mara ya kwanza Malale kuzuia mtu kumwona mgonjwa. Haikuwa rahisi kwake.

Nyanzala alilala hospitali zaidi ya wiki. Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Siku aliyotoka alikuwa amekonda, gauni linamning'inia. Malale alimletea kiti.

"Usinifanye mzee," alisema Nyanzala.

"Kaa, mama Kija. Nina neno." Malale alikohoa kuondoa aibu. "Nilikukosea. Nilitazama macho ya watu, sikukutazama wewe."

Nyanzala alimwangalia. "Ulikipeleka kwa mjane. Sikuchukia hilo. Niliumia kwamba hukuniuliza."

"Sasa nitakuuliza."

Nyumbani walibadili mambo. Nyanzala hakwenda tena gulioni. Malale ndiye aliyekwenda, asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, akiwa na barakoa. Akirudi alinawa kwa sabuni kabla ya kushika chochote. Wageni walipokelewa uwanjani, kwenye hewa, kila mmoja na kigoda chake kwa mbali. Madirisha yalifunguliwa mchana wote. Nyanzala alikula kwa wakati: ugali wa dona wa kiasi, maharage, dagaa na mboga nyingi. Dawa hakuacha hata siku moja.

Mara ya pili chakula kiligawiwa katika mvua kubwa. Mto ulijaa na barabara ikageuka matope meusi. Gari lilifika ofisi ya kijiji, likashindwa kuendelea. Fausta alisimama pale na mifuko yake, amelowa.

"Tuwaite watu waje kuchukua wenyewe," alisema dereva.

"Wakija hapa wote, tumewakusanya," alijibu Fausta. "Itakuwa kazi bure."

Akampigia simu kila mtu aliyemfikiria. Mwenye trekta alisema limeharibika. Wa bodaboda walisema matope yamezidi. Mwishowe akampigia Malale.

"Gari limeshindwa?" aliuliza Malale.

"Limeshindwa, baba."

"Maksai hawajashindwa. Nisubiri."

Malale alimgeukia mkewe. "Nakuuliza. Niende?"

"Nenda," alisema Nyanzala. "Lakini vaa barakoa, na usiingie nyumba ya mtu."

Alifunga maksai wake kwenye mkokoteni, akafika ofisini matope yakiwa magotini. Wakapakia mifuko, wakaifunika kwa turubai. Fausta alitangulia kwa miguu, Malale akaswaga maksai.

Kila nyumba walifanya vilevile. Walisimama nje wakaita hodi. Waliweka mfuko barazani, wakarudi nyuma, ndipo mwenyewe akatoka kuchukua. Mara hii Fausta hakuwa na haraka. Alieleza, akauliza wameelewaje, akaeleza tena.

Kwa Mzee Amedeus, mkulima wa mpunga, kulikuwa na mjukuu mwenye seli mundu. Amedeus aliwachungulia dirishani, akashangaa.

"Malale! Siku hizi umekuwa mchukuzi wa serikali?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huo mfuko wa mbele, wenye kamba nyekundu, wa nani?"

Malale alinyooka juu ya mkokoteni. Zamani swali hilo lingemchoma. Sasa alijibu kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu.

"Huo ni wa kwangu! Wa mama Kija. Ana kisukari, na nataka aishi."

Amedeus alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nafikiria kuukataa mfuko wetu. Niliogopa watu watasema."

"Wacha waseme, mzee. Mtoto akizidiwa, waliosema hawatakuja kumpa pumzi."

Amedeus alitoka, akachukua mfuko.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Lusia, mama mwenye pumu. Lusia alifurahi sana. "Leo napika, naita majirani wote!" alisema.

Fausta akafungua mdomo, lakini Malale alimtangulia.

"Dada, usiite mtu. Mimi niligawa fungu langu, nusura nimzike mke wangu. Ukitaka kumsaidia jirani, tuambie sisi wazima. Tutachanga unga, tutampelekea. Hiki kula wewe, ukae ndani."

Na hawakuishia kwenye maneno. Malale na wafugaji wenzake walichanga unga na maziwa ya mgando kwa ajili ya mjane wa Yotham. Wakaweka barazani kwake, wakasalimia kwa mbali, wakaondoka. Mjane alilia kwa furaha. Hakuna aliyehitaji kubanana ili kumwonyesha upendo.

Mvua zilipopungua, ugonjwa nao ulipungua. Katika nyumba zile ambazo mkokoteni ulipita, hakuna mgonjwa mwingine aliyekimbizwa hospitali kwa homa ya kifua. Mpunga uliiva. Wanawake walirudi mashambani kuvuna pamoja, na Nyanzala alikuwa katikati yao.

Siku moja Fausta alikuja na kipimo chake. Alimtoboa Nyanzala kidole, akasoma, akatabasamu. "Sukari imetulia, mama. Endelea hivyo hivyo." Kisha akamgeukia Malale. "Baba, barabara imekauka. Mafungu ya mwisho yataletwa na gari. Maksai wapumzike."

Malale alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kazi.

"Gari gani tena?" alisema. "Lile linaloogopa matope? Ugonjwa ukirudi siku nyingine, msihangaike. Nipigieni mimi."

Nyanzala alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kwa kifua kizima, na hakukohoa hata mara moja.