Uma wa Mjerumani, Fremu ya Mwingereza

Tembo walikuwa wamepita pale masika, njia ikiwa tope tupu, na jua la kiangazi likazikausha nyayo zao zikawa mashimo magumu kama vinu. Mfaume hakuyaona. Nyasi zilikuwa zimeyainamia. Gurudumu la mbele la tukutuku yake, ndiyo pikipiki, lilitumbukia shimo la kwanza, likatoka, likatumbukia la pili, na Kibibi, aliyekaa nyuma akimshika mumewe kiunoni, akasikia chuma kikilia. Mara akajikuta yuko hewani.

Aliangukia manyasi. Hata hajajua kama ni mzima, tukutuku ya pili ikatokeza kwenye kona. Aliyeiendesha alikuwa Nikodemo, fundi wa misheni, Mmwera mwembamba mwenye sauti kubwa. Aliwaona wenzake wameanguka, akapinda usukani kwa nguvu. Watu aliwakwepa. Jiwe hakulikwepa. Tumbo la injini lilipiga jiwe, likapasuka, na mafuta meusi yakamwagika mchangani.

Kisha pakawa kimya. Ndege hawakulia, wala nyenje.

"Baba Sada!" Kibibi aliita. "Baba Sada, uko wapi?"

"Nipo chini ya hili dude," Mfaume akajibu. "Litoeni, linaniunguza."

Walipoliinua, Kibibi alitamani wasingeliinua. Paja la mumewe lilikuwa limechanwa toka karibu na nyonga mpaka juu ya goti, na damu haikuwa ikitiririka, ilikuwa ikibubujika. Akavua kanga ya juu, akaipasua kwa meno, akafunga juu ya jeraha na kukaza kwa kijiti mpaka Mfaume akapiga ukelele. Damu ikapungua. Haikukoma.

Sasa mjue walikuwa wapi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, wakati wa Mwingereza, na njia ya kutoka Lindi kwenda Kilwa Kivinje ilipita katika pori la Mbwemkuru. Ilikuwa njia ya jina tu. Gari lilipita pale kwa bahati. Mfaume, mnunuzi wa nta na sandarusi, alikuwa akirudi kwao Kivinje na mkewe. Nikodemo alikuwa akienda hukohuko kupokea vipuri bandarini. Waliongozana kwa sababu mwaka ule hakuna aliyethubutu kuvuka pori lile peke yake. Sababu yenyewe ilikuwa na manyoya ya shingoni, na watu wa njiani hawakuitaja kwa jina. Walisema "mwenyewe", basi.

"Ng'ambo ya mto kuna kijiji," Nikodemo alisema, akitazama jua. "Pana dresa, anashona watu vizuri. Tukifika kabla ya magharibi, huyu atapona."

"Na tusipofika?"

Nikodemo alitazama damu mchangani, kisha akatazama nyasi, na Kibibi akaelewa kwamba harufu ile haikuwa siri yao peke yao.

Tukutuku ya Mfaume ilikuwa ya Kiingereza, ya jeshi, iliyouzwa vita vilipokwisha. Injini yake ilikuwa nzima, lakini gurudumu la mbele lilipindana kama chapati iliyokunjwa. Ya Nikodemo ilikuwa ya Kijerumani, nyembamba, ya misheni tangu zamani. Mbele ilikuwa nzima kabisa. Injini ndiyo maiti.

"Toa gurudumu lako utie kwangu," Mfaume alisema pale alipolazwa kivulini. "Kazi ya dakika moja. Au Wamwera mnajua kufunga mbuzi tu?"

"Nyamaza, mtani. Ukifa leo nitakuja kula pilau la matanga yako, na sadaka sitoi."

Walikuwa watani, na utani wao haukujali siku. Lakini Kibibi aliona Nikodemo akilitazama jua tena alipofungua sanduku la spana.

Alilichomoa gurudumu la Mjerumani, akalileta kwa Mwingereza. Ekseli ilikataa kuingia, maana ilikuwa nene kuliko tundu. Akapiga nyundo. Pigo la tatu likafunua ubaya uliokuwa umejificha: ule uma wa mbele, yaani miguu miwili inayolikamata gurudumu, ulikuwa na ufa pale unapoungana na shingo. Nikodemo aliusukuma kwa kiganja tu, ukakatika kama muhogo mkavu.

"Hapa gurudumu peke yake si dawa," alisema. "Nahamisha uma wangu mzima."

Kibibi akatandika kanga yake ya pili chini ya shingo ya tukutuku, kwa kuwa gololi za chuma zinazoizungusha shingo zilikuwa huru, na moja ikizama mchangani imekwenda. Zilidondoka zikiwa zimejaa grisi, akazikusanya. Ndipo alipomsikia.

Haikuwa ngurumo. Ilikuwa pumzi, kama mtu mnene anayeshusha mzigo. Ilitoka kwenye nyasi za upande wa kushoto, mchana kweupe.

"Fundi," alinong'ona.

"Nimesikia. Washa moto. Usikimbie, na usimgeuzie mgongo."

Kibibi akawasha moto, akatupia majani mabichi mpaka moshi ukatanda. Akakaa kati ya mumewe na zile nyasi, jiwe mkononi, ingawa alijua jiwe lile si kitu. Midomo ilikuwa imemkauka. Kibuyu cha maji kilibakiza mafunda machache, akampa Mfaume, na Mfaume akafumba macho.

"Usilale!"

"Napumzika kidogo."

"Hapana kupumzika. Kitendawili!"

Akamtikisa bega.

"Kitendawili, Baba Sada!"

"Tega," akajibu kwa mbali.

"Miguu yake imejaa njiani, mwenyewe hayupo."

"Nyayo za tembo. Hicho umekitunga sasa hivi."

"Kingine. Ndugu wawili wamemkamata mwenzao kiunoni. Wakimwachia, wote chini."

Mfaume akatikisa kichwa kidogo.

"Umeshindwa? Basi nipe mji!"

"Chukua Lindi."

"Lindi tumetoka asubuhi, ya nini? Nipe mwingine."

"Chukua Kivinje."

"Kivinje sichukui. Huko twenda wote."

Nyasi zilitikisika, na upepo haukuwepo. Mara hii zilitikisika upande wa kulia. Alikuwa anawazunguka.

Nyuma yake alimsikia Nikodemo akitukana kwa Kimwera. Shingo ya uma wa Mjerumani ilikuwa imeingia katika tundu la fremu ya Mwingereza, lakini ilicheza humo kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba. Alikata bati la kopo la maziwa akaviringisha, likabonyea. Akachana ngozi ya kiatu chake, ikaminywa nje kwa uzito.

"Nataka pete ngumu," alisema. "Nene kama kidole, isiyobonyea. Chini hasa, maana ndipo mzigo wote unapogonga."

Akainua macho kutafuta. Macho yakatua kwenye masikio ya Kibibi, yakahama haraka, yakaangalia pengine. Kibibi aliyaona.

Katika ndewe zake alivaa majasi ya mpingo, mawili, meusi, ya kung'aa, mapana kama kifuniko cha chupa kubwa. Aliyavaa siku ya harusi yake na hakuwahi kuyavua mbele ya mtu. Kwao mwanamke huyavua siku moja: siku anapoambiwa mumewe amekufa, akaingia eda. Kuyavua mume akiwa hai, tena anavuja damu mbele yako, ni nini kama si kumwita mauti mwenyewe na kumkaribisha kiti?

"Shemeji, sikusema kitu," Nikodemo alisema.

"Najua hukusema."

Alimtazama mumewe. Akazitazama nyasi. Mkono ukapanda wenyewe sikioni, ukashuka. Kisha akasema bismillahi, akalichomoa la kulia, akalichomoa la kushoto, na masikio yakawa mepesi, ya baridi, kama si yake.

"Fanya upesi," alisema, "kabla sijajua nimefanya nini."

Nikodemo aliitia motoni ekseli ya Mwingereza, ambayo haikuwa na kazi tena, mpaka ikawa nyekundu. Akaikandamiza katikati ya jasi la kwanza. Moshi mchungu ukapanda, tundu likaanza kuingia taratibu, kisha *tak!* likapasuka vipande viwili.

La pili alilitoboa kidogokidogo, akipoza, akirudia, akiuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Tundu likatokea upande wa pili. Akakwangua kwa kisu, akapaka grisi, akalipitisha kwenye shingo ya uma. Likakaa kimya, halikucheza hata kidogo. Juu, pasipo na jasi, akaviringisha ngozi ya kiatu cha pili, akaomba Mungu, akakaza nati.

"Kibibi." Mfaume alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akimtazama masikioni, na uso wake ulikuwa wa majivu. "Kibibi, umevua majasi. Nimekufa mimi?"

"Hujafa!"

"Mbona umeyavua?"

"Moja limo shingoni mwa tukutuku yako, moja limepasuka. Wewe hujafa, na ukifa sasa nitakuwa nimeyapoteza bure, sitakusamehe."

Wakampakia. Nikodemo mbele, peku, Mfaume katikati amefungwa kwake kwa kanga, Kibibi nyuma akiwakumbatia wote wawili. Mizigo ya nta wakaiacha. Breki ya mbele haikuwepo, maana waya wa Mjerumani haukufika. Injini ilikohoa, ikawaka, na nyuma yao nyasi zikafunguka. Kibibi aligeuka mara moja tu. Akaona kichwa, kikubwa kuliko alivyodhania, na macho ya njano yasiyo na haraka.

Walikwenda polepole. Kila shimo lilipiga, uma ukagonga kwa juu, ngozi ikalalamika. Pale pa chini mpingo ulishika.

Mto ulikuwa umekauka. Mchanga mweupe, mpana, wa kina. Tukutuku iliingia, ikazama, injini ikapiga kelele, ikaanza kufa.

"Mzigo mzito!" Nikodemo alipaza sauti. "Ikizima hapa na joto hili, haiwaki tena!"

Hakumwambia ashuke. Kibibi alishuka mwenyewe. Tukutuku ikaruka mbele, ikayumba, ikavuka na wale wanaume wawili, ikapanda ukingo wa pili. Yeye akabaki katikati ya mchanga na kivuli chake.

Alitembea. Aliambiwa asikimbie, na miguu yake ilikuwa inamwomba akimbie. Mchanga uliteleza, hatua mbili zikawa moja. Kwenye ukingo aliotoka, kokoto zilianguka. Hakugeuka. Alianza kujitegea vitendawili kwa sauti, akijijibu mwenyewe, akakosea majibu, akajipa miji: chukua Mikindani, chukua Songo Songo, chukua dunia yote. Nyuma yake mchanga ulikuwa ukiitika, *fyu, fyu,* kwa nyayo zisizo zake.

Juu ukingoni, Nikodemo aliisimamisha tukutuku, akavuta mafuta mpaka mwisho. Injini ya Mwingereza ikanguruma ikajaza bonde lote. Nyayo zikasita.

"Njoo, shemeji! Tembea! Usitazame, njoo tu!"

Alipanda ukingo kwa magoti. Akamkamata Mfaume kwa nyuma, akakunja shati lake ndani ya ngumi zote mbili, nao wakaondoka. Ngurumo iliyowafuata ilikuwa ya kweli safari hii, ya hasira, na iliwapita juu ya vichwa kama upepo.

Jua lilikuwa limegusa miti walipoingia kijijini. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliona tukutuku ya ajabu, mbele Mjerumani, nyuma Mwingereza. Wakamwona mwanamume ameinamisha kichwa. Kisha wakayaona masikio matupu ya mkewe, na mmoja akaachia mchi akaanza kulia kilio cha msiba. Wenzake wakaitikia.

"Nani kafa?" Mfaume akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hakuna," Nikodemo akasema. "Wanakililia kiatu changu."

Dresa alikuja mbio, mzee mfupi aitwaye Eusebio, mikono bado ina unga wa chakula. Akakata kanga iliyowafunga, akatazama jeraha, akaita maji ya moto na taa. "Ataishi," alisema. "Mguu utachechemea, lakini ataishi. Mlazeni huku."

Wakajaribu kumshusha, ikashindikana. Vidole vya Kibibi vilikuwa vimelishika shati, vyeupe kwenye vifundo, haviachii. Yeye mwenyewe alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Mama," Eusebio alisema taratibu, "mwachie."

"Nikimwachia ataanguka."

"Tukutuku imesimama, mama. Hapa hapana pa kuangukia."

Akaanza kuvifungua, kimoja baada ya kingine, akianzia kidole kidogo. Hapo ndipo Kibibi alipoanza kutetemeka.