Konde Lililoitwa Pori

Bi Khairat alikuwa anatoka kuchanja kuni. Mgongo ulimuuma, kama kawaida yake. Yeye na mumewe, Othman, walilima muhogo kwenye ardhi ya mawe karibu na Micheweni. Ardhi hiyo huchoka upesi. Ukilima konde miaka michache, lazima ulipumzishe, nalo huota vichaka. Hapo watu huliita pori, ingawa kila mtu anamjua mwenyewe.

Njiani aliwakuta vijana wa kupima ardhi mbele ya konde lake lililopumzishwa. Walimuuliza pale pana nini. Jua lilikuwa kali na mzigo uko kichwani.

"Pori tu, wanangu," alijibu, akapita.

Hakutaka maneno mengi. Kila mwaka watu huja kuuliza, kisha huwaoni tena.

Miezi ikapita. Siku moja jirani yake, Mwanapili, alimletea habari. Ramani ya mpango wa kijiji imebandikwa kwa sheha, kiongozi wao wa mtaa, na konde lake limetiwa ndani ya msitu wa hifadhi. Hakuna atakayeruhusiwa kulima humo. Bi Khairat akakaa kitako. Konde walilokuwa wakilima lilikuwa halizai tena. Muhogo wa mwaka ujao ulitegemea lile lililopumzika. Wakilikosa, watoto wao watakula nini?

Othman hakutaka kusikia habari ya mkutano ulioitishwa kuujadili mpango huo. Alisema tangu vyama vingi vianze, kila mkutano unaishia kwa watu kununiana. Hata msikitini salamu zimepungua.

"Nshachoka mie," alisema.

"Hata mie nshachoka. Lakini konde litakwenda na sie tumekaa. Inuka."

Wakaenda. Aliyekuwa akieleza ni Ghania, bibi misitu kutoka Chake Chake. Bi Khairat alimwambia waziwazi kuwa ameonewa. Ghania akamuuliza aliwajibu nini wale vijana. Aliposikia, alitikisa kichwa.

"Mama, sisi ofisini tukisikia pori, tunajua ni ardhi isiyo na mkulima, makazi ya wanyama. Kwenu ni konde lililolala. Hatukuwauliza vizuri, hilo ni kosa letu. Lakini mpango huu haujapitishwa. Tumeuleta ili muukosoe. Ukishapita, kuubadilisha ni tabu."

Akawaeleza la kufanya. Mwenye konde apite mipakani pamoja na sheha na majirani, aonyeshe alama za kilimo. Tena wanakijiji waseme wanyama wanaishi wapi hasa, kwa sababu wao ndio wanaowaona kila siku.

Othman akauliza ni wanyama gani wanaotafutwa. Akaambiwa popo wale wakubwa. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Popo gani atalala kwenye vichaka vya mke wangu?" alisema. Wao hulala bondeni, kwenye miti mirefu, kule wanawake wanakochanja kuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kesho yake wakatoka, watu wa vyama vyote. Mwanapili alishuhudia mipaka ya konde. Matuta ya zamani yalikuwa bado yanaonekana chini ya vichaka. Jioni walilizunguka bonde, wakahesabu popo wakiruka kwenda kula. Mtu akipotewa na hesabu, ilibidi amuulize wa pembeni yake, hata kama hawakusalimiana tangu uchaguzi.

Ramani ikachorwa upya. Konde likatolewa, bonde likatiwa, na mkutano ukapitisha. Ila miti ya bondeni haikatwi tena. Bi Khairat mwenyewe alinyoosha mkono kukubali, huku akijua kuwa kuni atazifuata mbali.

Mvua zilipoanza, alikuwa kondeni kwake akipanda muhogo. Mwanapili alipita na mzigo wa kuni, anahema. Akamuuliza kama hajuti kunyoosha mkono siku ile.

Bi Khairat aliegemea jembe.

"Miguu yaniuma, mwenzangu, sikufichi. Lakini mwakani watoto wangu watakula."

Kisha akainama, akaendelea kupanda.